Nani Aliyemfungia Mungu Mlango wa Anga?



Ndugu wapendwa, yapo mafundisho yanayozunguka mitaani kwetu Mtoni, ya kwamba kuuliza iwapo wapo viumbe wenye akili katika nyota za mbali ni kukaribisha mashetani. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wakiuliza, hunyamazishwa. Tunasema wazi: fundisho hilo si la Kanisa, nalo linawafukuza vijana wetu kimyakimya.

Wenye hofu hudai kwamba imani itaanguka ikiwa mwanadamu hayuko peke yake. Tangu lini tumekuwa peke yetu? Katika kila Misa tunaunganisha sauti zetu na malaika, viumbe wenye akili na utashi wasio wana wa Adamu. Anayekiri malaika atatetemekaje mbele ya kiumbe mwingine wa Mungu yule yule?

Mwaka 1277 Askofu Stefano Tempier wa Paris alilaani dai kwamba Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Hiyo ilikuwa karne ya kumi na tatu! Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki miaka mitatu kabla, alishikilia kwamba ulimwengu ni mmoja. Hata hivyo alifundisha kwamba uwezo wa Nafsi ya Mungu haumalizwi na kutwaa ubinadamu mmoja. Na mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa mkuu wa kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, alieleza katika gazeti la L'Osservatore Romano kwamba kukubali uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani. Wanaowakemea watoto wamelitoa wapi fundisho lao?

Wala hatuwaungi mkono wanaosambaza picha za vyombo vya angani kana kwamba ni Injili. Tangu mwaka 1995, ilipotangazwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyo mfano wa jua letu, sayari za mbali zilizothibitishwa zimepita 5,000, na hakuna hata moja iliyotoa dalili thabiti ya uhai, sembuse akili. Galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100. Zilizochunguzwa ni tone la bahari.

Kinachotuuma hasa ni kingine. Mwaka 1977 vyombo viwili vya Voyager vilirushwa vikiwa na santuri ya salamu kwa lugha 55, kwa yeyote atakayeviokota. Kiganda cha jirani zetu kimo. Wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri umo. Kiswahili hakimo. Tutanung'unikaje kwamba tulisahauliwa, ilhali sisi wenyewe twawafunga vinywa watoto wenye hamu ya kuitazama mbingu?

Makatekista wetu, mtoto akiuliza, msimkemee. Umeme ukikatika usiku huku Mtoni kwa Azizi Ali (nao hukatika), nyota huonekana vizuri zaidi. Tokeni naye nje, mkazitazame pamoja.