Tusisingizie bankambo juu ya nyumba ya baba

Kuna neno linalosikilika kila siku ya kutoka kilio katika miji yetu, toka Kamalondo mpaka Kolwezi: "Ni desturi yetu." Baba mudogo analisema akiomba makaratasi ya lupango. Mutoto mukubwa analisema akiweka funguo mu mufuko wake. Na mama mujane, mwenye kukaa chini ku mukeka, anaambiwa neno lilelile akiuliza atalala wapi. Sisi tunauliza: ni desturi gani hiyo? Na nani aliifundisha?

Hatupingane na desturi. Kitabu hiki kinaandikwa kwa kuilinda. Lakini hauwezi kulinda kitu ambacho haukijue.

Kule kijijini mutu akikufa, kilichorithiwa kwanza haukuwa ukuta. Lilikuwa jina lake na nafasi yake kati ya watu. Ndiyo wanayoita kupyana. Kwa Babemba, aliyemupyana mwanaume alipewa upinde wa marehemu. Kwa mwanamuke ulikuwa mukaba. Na pamoja na upinde, yule mutu alipokea muzigo wote: mujane wa kuangalia, batoto wa kulisha, madeni ya kulipa, maneno ya kutengeneza. Na nyumba je? Nyumba ya miti na udongo na majani iliachwa ianguke, ao watu waliivunja wenyewe. Udongo wa mashamba ukichoka, kijiji chote kilihama. Nkambo hakupata sababu ya kupigana na ndugu yake juu ya mabati.

Nyumba ya matofali yenye numero na karatasi ni mutoto wa muji. Zile za Ruashi zilijengwa na Office des Cités Africaines katika miaka ya 1950. Zingine zilijengwa na wazazi wenyewe, tofali kwa tofali, siku za mapumziko. Katika 2003 na 2004, wakati Gécamines ilipoachisha wafanyakazi zaidi ya 10 000 kwa ile waliyoita "départ volontaire", wamoja wao waliingiza ile feza yote mu nyumba, maana hawakuona tena mushahara mbele. Basi mutu anayekuja leo kuchukua nyumba kwa jina la bankambo, anachukua kitu ambacho bankambo hawakugawanya hata siku moja, na muzigo ambao waliugawanya anauacha mu barabara. Anataka upinde bila batoto.

Watatujibu: "Kwetu mutoto ni wa ukoo wa mama, mali ya mutu inaenda kwa wapwa wake." Ni kweli, kwa Babemba na Balamba ginsi hiyo iko. Lakini wanatuonyesha nusu ya desturi. Katika ukoo wa mama, batoto wa marehemu walikuwa na mujomba wao, mwenye kuwapokea, mwenye kuwapa shamba, mwenye kuwasemea. Leo huyu mujomba yuko wapi? Yeye pia analipa nyumba kwa mwezi, na batoto wake mwenyewe walirudishwa ku masomo juu ya minerval. Nusu ya desturi yenye kupokea ilikufa; nusu yenye kunyang'anya ndiyo wanayoitunza muzuri. Sisi walimu tunaona matokeo yake: nafasi mbili tatu zinabakia wazi mu kalasi kisha kilio, na tukiuliza tunasikia "walihama".

Sheria, kwa upande wake, inasema wazi. Kanuni ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa katika 2016, inaweka batoto wote katika kundi la kwanza: wa ndoa na wa inje waliotambuliwa na baba, mwanaume na mwanamuke, sawasawa. Wale wanapata sehemu 3 kwa 4 ya urithi. Robo inayobakia ni ya mujane, ya wazazi wa marehemu, na ya ndugu zake. Makundi hayo yote matatu yakiwa hai, kila moja linapata sehemu 1 kwa 12. Baba badogo na bashangazi wote, hata wakiwa kumi, wanagawana hiyo moja! Tena mujane ana haki ya kukaa mu nyumba alimokaa na bwana yake na kutumia vyombo vyake. Kwa hiyo lile neno la "binti ameolewa, ana kwake" halina nguvu mbele ya tribinali, na mbele yetu pia halina.

Lakini tusitupie baba badogo mawe yote. Adui mwingine anatoka mulemule mu nyumba. Sheria inamupa murithi mukubwa kazi ya likidateri, na yeye anaelewa kama amepewa nyumba. Likidateri ni mutu wa kuhesabu na kugawanya, si mwenye lupango. Huyu kaka ndiye anayepiga kelele "nyumba ya baba haiuzishwe!" kumbe kila mwezi anakula feza ya walokateri wa anexi peke yake, mabati yanatoboka, choo kinajaa, na wadogo zake wakifika ku salimiya anawakaribisha kama wageni. Wengine wanaenda mbali zaidi: wanafanya serifika ya lupango kwa jina lao pekee. Kisha miaka miwili serifika haigeuzwe tena kwa urahisi; wadogo wanabakia kudai malipo tu, na nyumba imekwenda.

Basi tufanye nini na nyumba ya muzazi? Ulizo la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: nani analala ndani? Kama mama angali hai, ao kuna batoto wasiomaliza masomo, hakuna kikao cha kuuzisha, na komisioneri asipite ku mulango. Kama wanaokaa ni walokateri tu, feza iandikwe mu kaye ambayo kila murithi anaweza kufungua, na sehemu ya kwanza iende ku mabati. Na kama wote ni watu wazima, mumoja Likasi, mwingine Kinshasa, mwingine Lusaka, wala hakuna mwenye kutaka kurudi, wauzishe, wote watie sahihi, mabinti pia, na wagawane. Si aibu. Baba hakuzikwa mu salon. Nyumba inayooza juu ya heshima yake haimuheshimu, na tumeona ndugu wengi waliopatana tena siku ile walipokubali kuachana na kuta nne.

Hata hivyo makaratasi yatangulie. Lupango nyingi zingali kwa jina la marehemu wa miaka makumi, zingine na fishi ya mutaa tu, na jamaa inagawanya kwa mudomo kitu ambacho haina haki nacho mu kitabu cha serikali.

Na ninyi wazee wenye kuwa hai, andikeni. Testamenti ya mukono haiombe feza: iandikwe yote kwa mukono wa mwenyewe, iwekwe tarehe, iwekwe sahihi. Tunajua munavyojibu, kwamba kuandika vile ni kuita kifo. Lakini mulilipa bima, mulinunua sanduku la kuwekea makaratasi ya kazi, na hamukukufa. Karatasi moja zaidi mu sanduku lile lile, mama akijua funguo iko wapi.