Risala ya vijana wanaojitolea kujenga mtandao wa jamii, Kata ya Usinge, Wilaya ya Kaliua, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, wazee wetu na wananchi wenzetu,

Risala za huku zimezoeleka: pongezi mwanzoni, mwishoni ombi la mnara. Sisi hatuombi mnara. Tarehe 13 Mei 2023 ilisainiwa pale Dodoma mikataba ya minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na habari hiyo tuliipokea kwa furaha. Lakini mnara unaleta mawimbi, atakayeyatumia anaamuliwa na bando. Malipo ya tumbaku yakichelewa, kitu cha kwanza kukatwa nyumbani ni bando, na mara nyingi ni wakati huohuo kijana wa nyumba hiyo anatakiwa ajaze fomu ya mkopo wa chuo mtandaoni. Mwenye bodaboda anampeleka Kaliua mjini, kijana anapanga foleni stationery, anarudi jioni kaambiwa mfumo uko chini.

Ndiyo maana tukaanza wenyewe. Tuna redio mbili za gigahezi 5, moja juu ya paa la sekondari, nyingine kituo cha afya, zinatazamana. Umeme ni wa sola na betri. Shuleni kuna kompyuta ndogo yenye vitabu vya kiada na mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi anaifungua kwa simu yoyote yenye Wi-Fi bila bando, hata siku ambayo intaneti ya nje imekatika. Redio hizi haziwezani na majani. Miembe ilipochipua baada ya mvua, mawasiliano yalipotea kabisa. Tuliongeza urefu wa bomba linalobeba redio badala ya kukata mti, maana tungegusa mwembe wa watu leo tusingekuwa tumesimama mbele ya wazee hawa.

Waya wote tumeufunga vichwa kwa mikono yetu. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu, binti, anapanga nyuzi nane bila kutazama karatasi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anazinyoosha kwa kucha, anakata usawa, anasukuma, anabana. Ukikosea uzi mmoja unakata kichwa chote na kuanza upya, na kichwa ni hela. Binti huyu ameshaambiwa barabarani kwamba kupanda juu ya paa si kazi ya mtoto wa kike. Yeye bado anapanda.

Mheshimiwa, sasa manung'uniko.

Kwanza, hatujui sisi ni nani mbele ya sheria. Wi-Fi ya sebuleni haina maswali. Ukiivusha barabara ikamfikia jirani, maswali yanaanza. Tumeuliza ofisi moja, ikatupeleka ya pili, ya pili ikataka usajili wa kampuni na mchanganuo wa faida. Faida ipi? Michango yetu ni ya betri. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 iliandikwa ikiwa na wafanyabiashara akilini, na hatuilaumu kwa hilo, ila kijiji kikivaa koti la kampuni ya simu kitajikwaa.

Pili, tulipotaka kununua intaneti ya jumla tuigawane, kampuni moja ilitupa bei ya ofisi ya mjini, na mkataba unaokataza kugawana.

Tatu, na hili linauma zaidi, tunakumbukwa siku za sherehe. Spika zikigoma, kompyuta ya ofisi ikijaa virusi, vijana wa mtandao waitwe. Mwenzetu alipoteguka mguu akishuka paa la shule, nauli ya hospitali tulichangishana sisi kwa sisi.

Hoja kwamba mtandao wa jamii ni jambo geni haina mashiko. Kondoa, mkoani Dodoma, ulianzishwa mtandao wa jamii na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa kutumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Nje ya nchi, wenzetu wa kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, walianzisha wa kwao. Kenya, mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano iliweka leseni mahususi ya mitandao ya jamii, tofauti na ile ya makampuni makubwa.

Na njia hii yetu ya Tabora kwenda Ujiji ina historia mbaya ya ujumbe kukwama. Mwaka 1871 Stanley alikuta Kwihara, pale Tabora, furushi la barua za kwenda kwa Livingstone lililoandikwa tarehe 1 Novemba 1870, mwenyewe yuko bado ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zilifika baada ya mwaka mzima. Wapagazi walikuwepo, tena hodari. Kilichokosekana ni mtu wa kusema nendeni.

Tunayodai ni haya. Ombi letu la kutambuliwa lifikishwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa barua ya wilaya, siyo kwa mdomo, likitaka leseni ya mtandao wa jamii usio wa faida, kwa ada ambayo kijiji kinaweza kuichangia. Reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Waya wa mawasiliano utakaofuata reli hiyo utuachie mahali pa kuunganisha stesheni, tuunganishwe kwa bei ya jumla. Reli ya kwanza ilifika Kigoma mwaka 1914, na hatutaki kungoja ya tatu. Halmashauri itupe barua ya utambulisho, ili anayetukuta juu ya paa na koleo asituulize tunampelekea nani habari. Wanaopanda juu wapewe mikanda ya usalama na wakatiwe bima ya afya. Mabinti nao wawe na nafasi katika kamati, na nafasi hizo ziandikwe.

Majibu tunaomba kwa maandishi, yabandikwe ubao wa matangazo wa ofisi ya kata kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ombi likikataliwa, sababu ziandikwe pia.