Wakongomani wa Marekani: alama ya mkopo ya kwenye simu siyo ile benki inaangalia

Familia nyingi zilizokimbia vita Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru, kisha zikapokelewa Marekani, leo zinatafuta kununua nyumba. Baba anafungua simu, anaona alama yake ya mkopo: 700. Anafurahi, anawapigia hata jamaa walio bado kambini. Anapofika kwa mkopeshaji anaambiwa: una 640. Anarudi akijiuliza nani amemwibia alama 60.

Hakuna aliyemwibia. Amepimwa kwa kopo mbili tofauti, na hakuna aliyemwambia. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Kule Marekani alama hizo huanzia 300 hadi 850. Zinatokana na habari za madeni zinazowekwa na kampuni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Programu nyingi za bure za simu zinaonyesha VantageScore 3.0, hesabu iliyoanzishwa na kampuni hizo tatu. Lakini wakopeshaji wa nyumba, kwa miaka mingi, wametumia FICO za zamani: namba 2, 4 na 5, moja kwa kila kampuni. Wanapata alama tatu, wanachukua ile ya katikati.

Tofauti siyo ndogo. VantageScore inaweza kumpa mgeni alama baada ya mwezi mmoja tu. FICO inataka deni lenye miezi 6. Mtu aliyechelewesha bili ya simu ikapelekwa kwa wakusanya madeni, kisha akalipa yote, VantageScore 3.0 inamsamehe. FICO ya zamani bado inamhesabia kosa.

Watetezi wanasema kila hesabu ina kazi yake, na kwamba zile za zamani zimejaribiwa kwa muda mrefu. Sawa. Lakini mwuza maharagwe sokoni akimwonyesha mteja kopo moja na kumpimia kwa lingine, watu hawamwiti mtaalamu. Wanamwita mwizi. Kama FICO ya zamani ndiyo inaamua nani apate nyumba na alipe riba gani, basi hiyo ndiyo raia aonyeshwe bure, mapema, siyo siku ya kukataliwa.

Anayeumia zaidi ni mkimbizi. Anafika tayari na deni la tiketi ya ndege kupitia IOM. Deni hilo halina riba, lakini malipo yake yanaripotiwa kwa kampuni za mikopo, na akichelewa inamrudia. Kumbe likelemba anayolipa bila kukosa, na pesa anazotuma kila mwezi kwa mama aliye Nyarugusu, hazimwongezei hata alama moja. Uaminifu wake wote hauonekani popote.

Mwezi wa saba 2025, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Fannie Mae na Freddie Mac, wanunuzi wakubwa wa mikopo ya nyumba, watakubali pia VantageScore 4.0. Ni hatua. Lakini 4.0 siyo 3.0, na namba ya kwenye simu bado inaweza kudanganya.

Basi jamaa walio kule wasiweke sahihi wala kutoa akiba kwa kuamini simu. Wamwulize mkopeshaji kwanza: unatumia alama gani, na ya katikati ni ngapi? Sheria inamlazimisha kuwapa alama alizotumia. Waombe pia ripoti za bure za kampuni zote tatu. Hazionyeshi alama, ila zinaonyesha madeni, na kosa likiwemo wana haki ya kudai lisahihishwe.

Na walio huku kambini, wanaposikia nyumba imekwama, wasiseme ndugu yao amekula pesa. Huenda amelipa kila kitu, na kopo ndilo limebadilishwa.