Kipimo kisianguke toka juu, kiwekwe na mkono

Wandugu wakulima, wamemba wa koperative za Mpofi na vijiji vya jirani,

Kuko mashini ndogo yenye tunapashwa kuzungumuzia mbele ifike kwetu. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Marekani, walionyesha kipimo cha hewa chenye uzito wa miligramu 400, ni kusema kama punje moja ya haragi. Kinakunjwa kwa mtindo wa origami, ule ufundi wa Wajapani wa kukunja karatasi. Droni inakipandisha mpaka metre 40 na kukiachilia. Kikiwa bapa, kinapepea sawa jani na upepo unakipeleka mbali, karibu metre 100. Kikijikunja, kinashuka wima. Hivyo vipimo vingi vinaweza kuachiliwa pamoja na kutawanyika kwenye eneo kubwa. Hakina batri, kinatumia jua. Kinapima joto na unyevu wa hewa, kisha kinatuma hesabu bila waya.

Faida naiona. Kwetu mvua inaweza kunyesha ku kilima kimoja, ng'ambo ya mto kukabaki kukavu. Majani ya maharagi yakikaa na maji siku nyingi, magonjwa ya kuvu yanapanda. Mkulima mwenye kujua unyevu wa shamba lake anajua siku gani aende kuangalia majani, na siku gani asipoteze dawa. Na ndani ya depo, kipimo cha unyevu chenye hakitegemei jua kingetuonya mbele mahindi yaote uvundo.

Lakini namna ya kukileta, hapo mimi sikubali. Hapa kwetu vita vimepita na vinapita. Watoto tumewafundisha neno moja: kitu usichokijua, usikiguse, weka alama, ita wakubwa. Neno hilo linaokoa maisha. Je, leo tuwaambie kwamba kuko vitu vya kuanguka toka juu vyenye ni vizuri, na vingine vyenye vinaua? Mtoto wa miaka sita atatofautisha namna gani? Na mama mwenye kusikia droni juu ya shamba atakimbia na kuacha jembe. Hatangoja kuuliza kama imeleta kipimo.

Tena, wale watafiti wanatumia droni juu kutembea na kuweka vipimo kimoja kimoja kwenye eneo kubwa ni kazi ya siku nyingi. Kwetu kazi hiyo iko na watu. Kila kijiji kiko na wamemba wenye kwenda shambani kila asubuhi. Kitu cha uzito wa haragi kinaingia mfukoni. Mia moja zinafanya gramu 40 tu.

Kwa hiyo, mradi wowote ukituletea vipimo vya namna hiyo, tuombe mambo matatu. La kwanza, viwekwe na mkono wa wamemba, juu ya kijiti chenye rangi moja yenye kijiji chote kinajua, na kila kimoja kiandikwe ndani ya kayee. La pili, hesabu zifike kwanza kwa koperative, kwa Kiswahili. Habari ya shamba gani liko na unyevu si habari ndogo mahali penye watu wanagombania udongo. La tatu, kazi ikiisha, vyote viokotwe na kuhesabiwa.

Tukingojea, tusikae bila kupima. Tia chumvi kavu na punje za mahindi ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, ngoja dakika chache. Chumvi ikishika ku chupa, mahindi yangali na maji: yarudishe ku jua. Koperative yenye kuzoea kupima na kuandika njo itajua kuuliza maswali siku mashini itafika.