Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Boston Red Sox

Kwa: Bw. John W. Henry na uongozi wa klabu ya besiboli ya Boston Red Sox, Fenway Park, Boston, Massachusetts

YAH: KUONDOKA KWA WACHEZAJI WALIOLELEWA NA KLABU

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025, Rafael Devers alipiga mpira ukavuka uzio wa Fenway Park. Red Sox wakawalaza New York Yankees 2–0, ushindi wa 3 ndani ya siku 3 dhidi ya mahasimu wao wakubwa kuliko wote. Jioni ileile habari zikazagaa kwamba Devers si mchezaji wa Boston tena. Alikuwa amepelekwa San Francisco Giants kwa kubadilishana na wachezaji 4, pamoja na mkataba wake wote uliobaki, wa zaidi ya dola milioni 250. Siku 5 baadaye ratiba iliwakutanisha Red Sox na Giants, na katika mfululizo huohuo Devers akawapiga wenzake wa zamani mpira mwingine nje ya uwanja.

Barua hii inasimama upande wa shabiki wa kawaida wa Boston, yule anayelipa kiingilio katika mojawapo ya viwanja ghali zaidi vya besiboli nchini Marekani. Shabiki huyo hadai ubingwa kila mwaka. Anataka kuelezwa kwa nini klabu yake inawachukua vijana wakiwa wadogo, inawakuza mpaka wanakuwa nyota, kisha inawaachia wakiwa katika kilele cha uwezo wao.

Kidonda kikubwa ni Mookie Betts. Boston walimchagua mwaka 2011 katika raundi ya 5, wakati klabu nyingine zote zilikuwa zimeshampita mara kadhaa. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa American League, timu ikashinda mechi 108 na kutwaa World Series. Februari 2020 akapelekwa Los Angeles Dodgers pamoja na mrushaji David Price. Ligi haina kikomo cha mishahara, ila klabu inayovuka kiwango fulani hulipa kodi, na kodi hiyo hupanda klabu inapovuka mwaka baada ya mwaka. Boston walikuwa wamevuka mwaka 2018 na 2019, na kuondoka kwa Betts na Price kuliwarudisha chini ya mstari.

Kilichoingia ni hiki: Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Downs alicheza mechi 14 tu akiwa na jezi ya Boston. Verdugo alikaa misimu 4, kisha akapelekwa, kati ya timu zote, kwa Yankees. Wong, mdakaji, ndiye aliyedumu. Betts yeye alimwaga wino Los Angeles Julai 2020, mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 365, na tangu hapo ametwaa ubingwa na Dodgers mwaka 2020, 2024 na 2025. Boston walilima, Los Angeles wakavuna. Ndani ya misimu 4 iliyofuata kuondoka kwa Betts, Red Sox walishika mkia wa kundi lao mara 3.

Lingekuwa tukio moja, lingesameheka. Lakini mrushaji Jon Lester alikuwa ametangulia. Aliugua saratani ya limfu mwaka 2006, akapona, akarudi kushinda mechi iliyoleta ubingwa wa 2007. Kabla ya msimu wa 2014 iliripotiwa kwamba klabu ilimpa ofa ya dola milioni 70 kwa miaka 4, kiasi ambacho hakuna mrushaji wa daraja lake angekikubali. Julai akapelekwa Oakland, na Desemba Chicago Cubs wakampa milioni 155 kwa miaka 6. Cubs wakawa mabingwa 2016. Baada yake Xander Bogaerts, aliyetoka Aruba akiwa kijana mdogo na kushinda World Series mara 2 na Boston, akaondoka Desemba 2022 bila klabu kumbadilisha na mchezaji yeyote.

Haki lazima itendeke. Kundi la Bw. Henry lilipoinunua klabu mwaka 2002, Boston haikuwa imetwaa ubingwa tangu 1918, na wazee wengi walikufa wakisubiri. Chini yake yamekuja mataji 4: 2004, 2007, 2013 na 2018. Shabiki halisahau hilo, na ndiyo sababu hasa ya uchungu wake. Uongozi huu unajua kushinda.

Suala la Devers ni baya zaidi, kwa sababu halikuanzia kwenye fedha. Januari 2023 klabu ilimpa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 313.5, na mashabiki wakapumua. Februari 2025 akasajiliwa Alex Bregman, naye ni wa besi ya 3, nafasi ileile ya Devers. Alipofika mazoezini Devers alisema wazi kwamba nafasi hiyo ni yake. Akaondolewa, akawa mpigaji tu, asiyeingia uwanjani timu inapolinda. Mei Triston Casas akaumia vibaya goti, na mkuu wa masuala ya besiboli, Craig Breslow, akamwendea Devers kuhusu kuhamia besi ya 1. Devers akakataa hadharani. Ni kweli alikosea kulipeleka jambo hilo kwa waandishi. Lakini mtu aliyeambiwa aweke glovu kando, kisha baada ya wiki chache anaambiwa aichukue tena, ana haki ya kuuliza mpango ni upi.

James Tibbs, mmoja wa wale 4 waliokuja badala yake, hakumaliza hata miezi 2 kabla ya kupelekwa Dodgers. Bregman aliyekuwa chanzo cha yote alitumia kipengele cha mkataba wake kuondoka baada ya msimu, akatua Cubs. Timu ilishinda mechi 89 na kuingia mtoano, na hilo lihesabiwe kwa upande wa Breslow. Ila mechi ya mwisho dhidi ya Yankees iliisha kwa kipigo cha 4–0, kijana wao Roman Anthony akiwa majeruhi, na Boston hawakuwa na jembe la kutegemewa kwenye upigaji.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoipenda Liverpool wanamjua mmiliki huyu. Kampuni yake, Fenway Sports Group, inaimiliki Liverpool tangu 2010. Februari 2016 maelfu ya mashabiki walitoka Anfield dakika ya 77 kupinga tiketi za pauni 77, na bei ikaondolewa. Aprili 2021, baada ya Liverpool kuingia katika mpango wa European Super League, Bw. Henry alirekodi video akawaomba radhi yeye mwenyewe. Boston hawajapata kitu cha namna hiyo kuhusu Betts wala Devers. Kesho yake baada ya Devers kuondoka, waliokabili waandishi ni Breslow na rais wa klabu, Sam Kennedy.

Labda uongozi unakumbuka Springfield, Januari 2023, mashabiki walipomzomea Bw. Henry kwenye hafla ya klabu. Haikupendeza, lakini wale walikuwa wamelipa kuingia, na walikuwa na maswali. Sasa Anthony ana mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 130 na mrushaji Garrett Crochet wa miaka 6 wa milioni 170. Ni hatua njema, kama ule wa Devers ulivyokuwa. Linaloombwa ni kikao cha wazi kabla ya msimu, Bw. Henry, Bw. Kennedy na Bw. Breslow wakiwa meza moja, waeleze ni nafasi gani kila kijana ameahidiwa, nani amemwahidi, na klabu itazungumza naye vipi siku itakapotaka kuibadilisha.