Mpika Halwa wa Kazeh

Kila shule ya sekondari ina siku yake ya kumleta "aliyefanikiwa". Viti vinapangwa, spika inakoroma, mgeni anakabidhiwa maiki. Mwenye hoteli au nyumba ya wageni ndiye hupendwa kuliko wote, kwa kuwa njia yake haikunyooka: alifeli kidato cha nne, akauza karanga stendi, akawa utingo, akafukuzwa, akakaanga chipsi, leo ana vyumba thelathini na ukumbi wa harusi. Makofi. Kisha mwalimu wa zamu anauliza wanafunzi wamejifunza nini, na jibu linajulikana kabla halijatoka: usikate tamaa.

Nimezisikia hotuba hizo za kutosha na sina ugomvi na wanaozitoa. Ugomvi wangu ni na lile jibu. Tabora ina hadithi yake ya zamani ya mtu wa namna hiyohiyo, na ukiisoma taratibu inakataa kabisa kutoa jibu hilo.

Tarehe 7 Novemba 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, kiini cha Tabora ya leo, baada ya siku 134 kutoka pwani. Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi waliyemtarajia, alikuwa Karagwe. Aliyejitokeza kuwapokea ni wakala wake, Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Harthi. Akawapa nyumba ya mwenzake iliyokuwa tupu, akawashughulikia wapagazi na mizigo, na jioni, afya ikimruhusu, akaja kukaa nao kuzungumza. Burton aliandika kwamba mwenyeji huyu alianza maisha kwa kutengeneza vitamutamu Maskati, na ndani ya miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa katika Afrika Mashariki.

Vitamutamu vya Maskati ni halwa kwanza, vingine baadaye. Aliyewahi kusimama kando ya sufuria ya halwa anaijua kazi ile: maji ya sukari, wanga, samli, iliki, zafarani, na mwiko mrefu usiotua kwa saa nzima na zaidi, maana ukipumzika kidogo tu chini kumeshika. Jasho linatiririka, bega linawaka. Msemaji wetu wa mahafali angeishia hapo hapo: tazameni wanangu, subira ya sufuriani ndiyo iliyompa utajiri wa Unyanyembe, nchi ya Kazeh. Ingependeza. Lakini Maskati ilikuwa na wapika halwa wengi, na mabega yao wote yaliwaka.

Kilichomtofautisha Snay na wenzake ni njia, na njia hakuitengeneza yeye. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao kabla Waarabu hawajajenga tembe hata moja Kazeh. Seyyid Said, sultani wa Maskati, alikuwa amehamishia makao yake Zanzibar. Wafadhili wa Kihindi kisiwani walikuwa wakitoa bidhaa kwa mali kauli: unachukua magora ya merikani, kaniki na shanga leo, unalipa pembe zitakaposhuka, pengine baada ya miaka miwili au zaidi. Sheria ya kumkamata mdaiwa aliyeko Ujiji haikuwepo. Kulikuwa na jina lake na jamaa zake. Mtu asiye na jina wala jamaa hakupewa hata doti.

Halafu kuna mabega ya watu wengine. Mpagazi mmoja aliweza kubeba frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee, mwezi baada ya mwezi. Na kuna waliotembea kwenye njia hiyo wenyewe wakiwa ndio bidhaa. Snay aliwanunua na kuwauza. Ukarimu ule uliomfanya Burton amsifu sana, nyumba, kitoweo, mazungumzo ya jioni, ulisimama juu ya watu hao. Sioni namna ya kumpeleka Snay darasani bila wao, na mwalimu atakayejaribu atakuwa anafundisha nusu ya hesabu.

Sehemu ninayoipenda ni ya ugonjwa. Ukitaka kweli, Snay alikata tamaa. Mwili ulimkatalia safari, akaacha kutembea na misafara, akatulia Kazeh, akajenga kijiji kizima chenye maghala ya nguo, shanga na pembe. Hapo ndipo alipogeuka mwenyeji. Kila msafara wa kwenda Ujiji au Karagwe ulipita pale, na kila msafara uliacha habari. Ndiye aliyewaeleza Wazungu wale kwamba maji ya Ujiji na Nyanza ya kaskazini ni maziwa mawili mbalimbali, na kwamba hilo la kaskazini ni kubwa zaidi. Speke akaenda kuangalia, akaliona tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake. Burton naye alichota kwake maneno ya Kinyamwezi. Bidhaa bora ghalani mwa Snay haikuwa na uzito wa frasila hata robo, wala hakuitoza bei, jambo ambalo wenye hoteli wa leo huenda wasilielewe.

Nayasema haya kwa sababu Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, na biashara inafundishwa kwa watoto wengi zaidi kuliko zamani. Wageni wenye maiki wataongezeka. Waje. Lakini mwanafunzi afundishwe kuwauliza kama karani wa forodhani: mtaji wa kwanza ulitoka mkononi mwa nani? Nani alikuwa akifua mashuka, na alilipwa ngapi? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu ndiyo mali kauli ya leo, na kijana anayejua namna ya kuiomba ana kitu zaidi mkononi kuliko mwenye daftari lililojaa misemo ya kutia moyo. Tukiwaambia tu kwamba njia ya kupinda humfikisha mvumilivu, basi asiyefika tumemhukumu kuwa mvivu, na halmashauri, benki na mwajiri wote wamepona.

Snay mwenyewe hakuzeeka ghalani. Mtemi Mnwa Sele wa Unyanyembe alitoza ushuru kwenye bidhaa zinazopita katika nchi yake. Waarabu wa Kazeh wakakataa, wakamng'oa, wakamweka mwingine, naye Mnwa Sele akaingia porini na kuiziba njia. Speke aliporudi mwaka 1861 alimkuta mwenyeji wake wa zamani akijiandaa kwa vita. Mgonjwa aliyekuwa ameacha safari akashika bunduki, akatoka na wenzake kumfuata mwenye nchi, akauawa huko.