Nyumba Zashuka Ziwani: Nani Atatangulia, Mjenzi au Mpimaji?

Ndugu msomaji aliyepata kusafiri kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay kabla ya lami hawezi kuisahau safari ile. Siku ya jua ilikuwa safari ya vumbi na miteremko. Siku ya mvua ilikuwa safari ya kutwa, na pengine ya kulala njiani. Leo kilomita zile 66 hivi hupitwa na basi kwa muda mfupi, na mchuuzi wa usipa anaweza kuondoka ziwani asubuhi akauza samaki wake Mbinga kabla ya saa sita. Hili ni jambo kubwa, nasi hatuoni haya kulisifu. Walakini barabara haibebi samaki tu. Hubeba pia watu wanaotafuta mahali pa kukaa, na hao wakisha kufika hawamngoji mtu. Wanajenga.

Tunaliandika jambo hili sasa kwa sababu wakati ungali upo. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa mwaka 2012 kutokana na wilaya ya Mbinga, na makao yake yakawekwa Mbamba Bay. Mwezi Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari mpya mahali hapo. Umeme wa gridi ya Taifa, ambao kwa miaka mingi wakazi wa Ruvuma waliusikia kwa masikio tu huku Songea ikiendeshwa kwa mitambo ya dizeli, uliingia mkoani mwaka 2018 kwa njia ya kutoka Makambako. Hesabu ya watu nayo yasema yake: mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,376,891, mwaka 2022 walikuwa 1,848,794. Katika miaka kumi wameongezeka kwa theluthi moja na zaidi kidogo. Hawa wote wanataka paa, maji, choo na njia ya kupita.

Sasa na tutazame hali ya nchi yenyewe. Mbinga iko juu milimani, na Mbamba Bay iko chini ufukweni, na baina yake ni miinuko mikali ya Umatengo. Mfanyakazi aliyepangiwa kazi katika ofisi za wilaya au bandarini, akikosa chumba Mbamba Bay, atapanga Mbinga na kupanda basi kila asubuhi: kilomita 132 kwenda na kurudi, kwa nauli inayotoka katika mshahara wa watoto wake. Hivyo Mbinga, mji uliokuzwa na kahawa, waweza kugeuka mji wa kulala watu wanaofanya kazi kwingine. Si aibu kwa mji kuwa hivyo. Kibaha ni hivyo kwa Dar es Salaam. Lakini yatupasa kukumbuka yaliyotokea katika njia hiyo ya Kibaha.

Mwaka 2017, kutoka Kimara hadi Kiluvya, mamia ya nyumba zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Wengine walikuwa wamejenga kwa akiba ya maisha yao yote. Hatuandiki ili kufufua kesi ile. Wenye kulia wamekwisha lia. Twaandika kwa kuwa sheria ya barabara ya mwaka 2007 iko Mbinga pia: hifadhi ya barabara kuu na za mkoa iliongezwa ikawa mita 60 kwa jumla, yaani mita 30 kila upande wa katikati, ambapo zamani ilikuwa 22 na nusu. Kila kibanda kinachosogezwa karibu na lami kwa ajili ya wateja chajengwa juu ya deni litakalolipwa siku moja. Je, mjenzi ameambiwa? Ameonyeshwa jiwe la mpaka? Mtu asiyeonyeshwa mpaka hawezi kulaumiwa peke yake siku anapowekewa alama nyekundu ukutani.

Ufukweni hatari ni nyingine. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wako wanaoiona sheria hii kuwa ya ofisini tu, iliyotungwa na watu wasiojua kwamba mvuvi hukaa karibu na mtumbwi wake. Na wasikilize historia ya ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Shire. Kutoka mwaka 1915 hivi hadi 1935 maji yalishuka hata mto ule ukaacha kutoka ziwani; baadaye yakapanda kwa miaka mingi, hata kufikia kilele karibu na mwaka 1980. Kwa hiyo mchanga ambao babu aliukuta mkavu si lazima mjukuu aukute mkavu. Sisi tuliosomeshwa na wamisheni tulifundishwa mapema habari za mtu aliyejenga juu ya mchanga, ingawa twakiri kwamba wengi wetu tulidhani ni somo la roho tu.

Kuna na jambo la vyoo, ambalo wahariri huona haya kulitaja. Katika mchanga wa ufukwe maji ya ardhini yako karibu. Shimo la choo na kisima vikichimbwa jirani, vinakunywa maji yaleyale. Nyumba kumi zilizotawanyika zaweza kuishi hivyo bila kudhurika sana. Nyumba mia tano zilizobanana haziwezi, na kipindupindu si mgeni katika pwani za maziwa yetu. Gari la kunyonya majitaka nalo halipiti katika kichochoro cha mita mbili. Njia hiyo ikiachwa mita sita leo, gharama yake ni kamba na vigingi. Ikitafutwa baada ya miaka ishirini, gharama yake ni fidia, kesi na machozi.

Milimani tunaye mwalimu ambaye wapimaji wachache humwendea. Wamatengo wamelima katika miteremko mikali kwa ngoro: majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa kati huchimbwa na kufukiwa juu yake, hata mlima mzima ukawa na mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Maji ya mvua huingia shimoni, hutulia, hunywewa taratibu na ardhi, na udongo haukimbii. Ardhi yenyewe waliigawa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio baina ya vijito, na kila ntambo ilikuwa na ukoo wake. Maji ndiyo yaliyochora mipaka.

Nyumba inafanya kinyume cha ngoro. Bati halinywi maji. Paa moja la mita 100 za mraba, likinyeshewa mvua ya milimita 50, humwaga lita 5,000. Nyumba 200 juu ya kilima kimoja humwaga lita milioni moja kwa mvua hiyo moja, na zote hizo zatafuta bondeni kwa njia moja. Isipokuwapo mifereji, zitajichimbia wenyewe, zikianza na barabara ya mtaa na kumalizia katika msingi wa jirani wa chini. Kila msimu wa kahawa ukiisha, fedha huingia na misingi mipya huchimbwa. Basi mifereji na ihesabiwe kwa ntambo, kijito hadi kijito, wala si kwa kipande cha mtu mmoja mmoja. Milima hiyohiyo ingeweza kuleta maji ya bomba kwa mtiririko, bila mashine wala dizeli, iwapo chemchemi za juu hazitageuzwa viwanja.

Ugumu uliopo si wa maarifa. Barabara kuu ina TANROADS, barabara za mitaa zina TARURA tangu 2017, maji ya vijijini yana RUWASA tangu 2019, umeme una TANESCO, na ardhi ina halmashauri. Kila mmoja ana mpango wake na mwaka wake wa fedha. Ndiyo maana lami humalizika, sherehe ikafanywa, na mwaka wa pili akaja mwenye bomba na sururu. Serikali ilipoanzisha mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam mwaka 2002, viwanja vilipimwa na hati zikatolewa. Lakini katika maeneo kadhaa wenye hati walikaa miaka bila maji wala njia nzuri, na wengi hawakujenga. Kupima peke yake hakutoshi.

Nani atalipa? Mwenye nyumba amekwisha anza kulipa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa pamoja na umeme wa LUKU; ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. (Mara nyingi anayekatwa ni mpangaji, kwa nyumba isiyo yake, lakini hilo ni la siku nyingine.) Mtu anayelipa kila mwezi ana haki ya kuuliza mfereji wake uko wapi.

Tena mji ukipanuka hupanukia katika mashamba ya wanakijiji. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zaagiza fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mkulima wa mihogo wa ufukweni, au wa kahawa pembeni mwa Mbinga, asiondolewe kwa bei ya mihogo ili ardhi iuzwe kwa bei ya bandari. Twaona heri shamba lipimwe naye akiwapo, abakiwe na viwanja vyake mwenyewe, na sehemu aliyotoa iwe ya njia, shule na bomba.

Na hapa twasema na wenzetu wa Chama bila kuficha. Habari za bandari huwafikia viongozi kabla ya mkulima. Mwenye kuzisikia barazani jioni, kisha akaenda kununua shamba kwa mjane asubuhi, hakuvunja labda kifungu chochote, lakini amemwibia. Ramani ya mpango ibandikwe katika ofisi ya kila kijiji na kila mtaa kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, na chini yake yaandikwe majina ya wote waliogawiwa, madiwani na viongozi wa Chama wakiwamo.